Karatasi ya pili: kisa cha mshambuliaji aliyeuzwa vipande

Kabla ya kuanza

Majina ya wachezaji, klabu na kampuni nimeyaondoa. Aliyefuatilia soka la England miaka ya 2000 atawatambua kabla hajafika katikati, kwa sababu kesi hii iliandikwa magazetini karibu miaka mitatu mfululizo. Si neno. Nimeyaondoa ili msomaji aangalie makaratasi, maana tukitaja sura tutaishia kubishana nani alikuwa mkali zaidi uwanjani.

Wahusika ni hawa. Mshambuliaji ni Muargentina aliyestaafu mwaka 2022. Kiungo ni Muargentina mwenzake, walisajiliwa siku moja. Kampuni ni jina la jumla la kampuni kadhaa za uwekezaji zilizokuwa na haki za kiuchumi za wachezaji hao. Klabu ya London ndiyo iliyowasajili. Klabu Iliyoshuka ni ile iliyobeba gharama ya yote bila kusaini chochote.

Nimekiandika kwa ajili ya makatibu wa klabu, wazazi wa vijana wenye vipaji, na mawakala wanaotaka kufanya kazi yao bila kuishia kwenye kamati za nidhamu.

Usuli: mchezaji mmoja, haki mbili

Mshambuliaji alizaliwa mwaka 1984 na kukulia kwenye mtaa wa maghorofa ya watu wa kipato cha chini pembezoni mwa Buenos Aires. Akiwa na miaka 20 alikuwa tayari bingwa wa klabu za Amerika Kusini (2003) na ana medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Athens (2004). Kijana wa namna hiyo, kwenye bara ambalo klabu zake nyingi huishi kwa madeni, anakuwa mali hata kabla hajajua kusoma mkataba.

Hapa inabidi nieleze jambo moja taratibu, kwa sababu bila hilo kisa chote hakieleweki.

Mchezaji wa kulipwa hubeba haki mbili. Ya kwanza ni haki ya usajili: klabu gani imemwandikisha kwenye chama cha soka, na kwa hiyo anavaa jezi ya nani. Hiyo haigawanyiki, klabu ni moja tu kwa wakati mmoja. Ya pili ni haki ya kiuchumi: siku akiuzwa mkataba haujaisha, zile pesa za uhamisho ni za nani. Hiyo inagawanyika kama keki. Baada ya hukumu ya Bosman ya mwaka 1995 kule Ulaya, na sheria ya Brazil ya mwaka 1998 iliyobeba jina la Pelé, klabu haikuweza tena kumshikilia mchezaji aliyemaliza mkataba. Kilichobaki na thamani sokoni ni muda uliosalia kwenye mkataba, na wafanyabiashara waliligundua hilo haraka.

Mfano wa kubuni: klabu haina mshahara wa mwezi ujao. Mfanyabiashara anatoa dola 400,000 na kuchukua asilimia 40 ya haki za kiuchumi za kijana wa miaka 17. Miaka mitatu baadaye kijana anauzwa dola milioni 5. Mfanyabiashara anaondoka na milioni 2, klabu inabaki na milioni 3 na imelipa mishahara yake. Kila mtu kafurahi. Kwa miaka mingi Brazil na Argentina zilienda hivyo hivyo, na sioni sababu ya kuwacheka. Klabu isiyo na pesa ya nauli haiwezi kusubiri fomula ya haki.

Tatizo huanza pale mwenye asilimia anapotaka pia kuamua mchezaji auzwe lini.

Mwishoni mwa 2004 Kampuni iliingia ubia wa miaka 10 na klabu kubwa ya São Paulo. Mwanzoni mwa 2005 ikamleta Mshambuliaji kwa dau la karibu dola milioni 20, kiasi ambacho hakikuwa kimezoeleka kati ya klabu mbili za Amerika Kusini. Mwaka huo huo akawa bingwa wa Brazil. Klabu ilimvalisha jezi, lakini thamani yake ilikuwa mikononi mwa Kampuni.

Mtiririko wa matukio

Tarehe 31 Agosti 2006, siku ya mwisho ya dirisha la usajili, Klabu ya London ilitangaza kuwasajili Mshambuliaji na Kiungo kwa pamoja. Wote wawili walikuwa wametoka kuichezea Argentina kwenye Kombe la Dunia kule Ujerumani. Klabu yenyewe haikuwa mbaya: msimu uliotangulia ilimaliza ya 9 na kufika fainali ya Kombe la FA. Hata hivyo watu walishangaa. Wachezaji wa bei ile hawakuwa wakitua pale.

Siku hiyo zilisainiwa karatasi za aina mbili. Ya kwanza, mkataba wa ajira kati ya klabu na mchezaji, ilipelekwa Ligi Kuu ya England kama kawaida. Ya pili, makubaliano kati ya klabu na Kampuni, ilibaki kwenye droo. Ndani yake Kampuni ilijipa uwezo wa kumhamisha mchezaji kwa kuilipa klabu kiasi kilichopangwa, na klabu haikuwa na nafasi ya kukataa.

Kanuni ya U18 ya Ligi Kuu (hiyo ni namba ya kanuni, si umri wa wachezaji) wakati ule ilikataza klabu kuingia mkataba unaompa mtu wa nje uwezo wa kuathiri sera au utendaji wa timu. Soma vizuri: haikukataza mtu wa nje kuwa na haki za kiuchumi. Ilikataza ushawishi. Viongozi wa ligi waliuliza kama kuna makubaliano mengine yoyote zaidi ya yale yaliyowasilishwa. Waliambiwa hakuna.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya shida. Timu ilipoteza mechi baada ya mechi, Novemba klabu ikapata wamiliki wapya, Desemba kocha akafukuzwa. Kiungo alikaa benchi zaidi ya alivyocheza. Mshambuliaji alikimbia sana na hakufunga hata bao moja.

Januari 2007 ndipo droo ilipofunguka, na haikufunguliwa na aliyekuwa nayo. Kiungo alitakiwa na klabu nyingine kubwa, na klabu hiyo ikapeleka nyaraka zake zote ligi ili kuomba ruhusa ya kufanya biashara na Kampuni. Ligi ikajiuliza: kama Kiungo ana karatasi za hivi, mwenzake aliyekuja naye ndege moja je? Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilichukua miezi mitano.

Tarehe 2 Machi klabu ilishtakiwa kwa kuvunja U18 na kanuni ya B13, ile inayodai klabu zitendeane kwa nia njema kabisa. Siku mbili baadaye ilicheza nyumbani dhidi ya mahasimu wao wa kaskazini mwa London. Mshambuliaji alifunga kwa mpira wa adhabu, bao lake la kwanza tangu Agosti. Akavua jezi, akakimbia hadi ukingoni na kujitupa katikati ya mashabiki. Akapewa kadi ya njano. Mechi iliisha 4-3 kwa wageni, bao la mwisho likiingia dakika za majeruhi. Klabu ilikuwa mkiani, pointi 10 chini ya mstari wa usalama, na mechi 9 zimebaki.

Ilishinda 7 kati ya hizo 9.

Katikati ya mwendo huo, tarehe 27 Aprili, kamisheni huru ilitoa uamuzi. Klabu ilikiri makosa. Faini ilikuwa pauni milioni 5.5, kubwa kuliko zote zilizokuwa zimetolewa na ligi hiyo hadi wakati ule. Pointi hazikukatwa. Mchezaji aliruhusiwa kuendelea kucheza kwa sharti la kuondoa ile karatasi ya pili, na klabu ikaiandikia Kampuni kuivunja. Kampuni haikukubali kwamba imevunjika.

Tarehe 13 Mei, mechi ya mwisho. Klabu ya London ilikwenda kucheza ugenini kwa timu iliyokwisha kutwaa ubingwa. Mwishoni mwa kipindi cha kwanza Mshambuliaji alipenya katikati ya mabeki na kufunga bao pekee la mchezo. Saa hiyo hiyo, mji mwingine wa kaskazini, Klabu Iliyoshuka ilikuwa ikihitaji sare tu nyumbani. Ilipoteza 2-1. Penalti ya bao la pili ilipigwa na beki ambaye Januari tu alikuwa mchezaji wao na wakamwacha aende. Mpira una ukatili wake.

Maamuzi, na sababu zake

Kwa nini klabu iliificha karatasi? Jibu rahisi ni kwamba waliogopa kunyimwa usajili. Nadhani kuna zaidi ya hilo. Ilikuwa siku ya mwisho ya dirisha, wachezaji wawili wa Kombe la Dunia wako chumba cha pili, Kampuni haisaini bila masharti yake, na ligi ingeweza kuchukua siku kadhaa kusoma nyaraka. Katibu yeyote aliyewahi kukaa ofisini saa tano usiku siku ya kufunga usajili anaijua hali hiyo. Lakini ligi ingeweza kuwaambia wafute kifungu kimoja tu. Haki ya kiuchumi yenyewe haikuwa kosa wakati ule, na kosa la U18 peke yake lingeweza kurekebishwa mezani. Uongo wa kujibu "hakuna" ndio uliogeuza suala la kanuni kuwa suala la uaminifu, na kamisheni ilisema wazi kwamba hapo ndipo palipokuwa pazito.

Kwa nini kamisheni haikukata pointi? Walitaja sababu kadhaa: klabu imekiri, wamiliki ni wapya na hawakuhusika, wachezaji na mashabiki hawana hatia. Kisha wakataja muda. Adhabu ya pointi, walisema, ingekuwa rahisi kuibeba kama ingetolewa Januari. Mwishoni mwa Aprili ingekuwa sawa na kuishusha timu daraja.

Hoja hiyo ya muda ndiyo ninayoipinga zaidi katika kisa chote. Kesi ilichelewa kwa sababu karatasi ilifichwa. Aliyeificha akafaidika na kuchelewa.

Tazama msimamo wa mwisho. Klabu ya London ilimaliza na pointi 41. Klabu Iliyoshuka ilikuwa na 38 na tofauti ya mabao ya kasoro 23. Timu iliyopona juu yake nayo ilikuwa na 38, kasoro 22. Klabu ya London yenyewe ilikuwa kasoro 24. Ondoa pointi 3 tu: zinabaki 38, na kwa kasoro 24 inakwenda chini ya wote wawili. Haikuhitaji adhabu ya kutisha ya pointi 10. Zilitosha zile za mechi moja.

Kiangazi cha 2007, na baadaye

Mshambuliaji alitaka kujiunga na mabingwa wale wale aliowafunga siku ya mwisho. Klabu ya London ikasema haiwezekani bila ridhaa yetu, sisi ndio tuliomsajili, na tena ile karatasi ya pili tuliivunja Aprili. Kampuni ikasema karatasi iko hai. Ikaenda Mahakama Kuu ya London.

Fikiria klabu ilivyokaa hapo. Ikikubali kwamba Kampuni ina haki, imewadanganya ligi mara ya pili. Ikikataa, inamshikilia mchezaji ambaye haikumlipia dau. Mwezi Agosti walimaliza nje ya mahakama: Klabu ya London ikapokea pauni milioni 2, mchezaji akaenda kwa mkopo wa miaka miwili.

Kwake yeye mambo yalikwenda vizuri sana. Misimu miwili, mataji mawili ya ligi, na Ligi ya Mabingwa ya 2008 iliyoamuliwa kwa penalti kule Moscow. Lakini alikuwa bado mpangaji. Mkopo ulipoisha mwaka 2009 alivuka barabara, akaenda kwa mahasimu wa mji ule ule, na mabingwa hawakuwa na mchezaji wa kuuza.

Klabu Iliyoshuka haikukubali kunyamaza. Ilikwenda kwenye usuluhishi mwaka 2007 kutaka pointi zikatwe, ikashindwa. Ikabadilisha mlango: badala ya kuishtaki ligi, ikaidai fidia Klabu ya London yenyewe kwa utaratibu wa usuluhishi wa Chama cha Soka cha England. Septemba 2008 jopo liliipa ushindi. Mambo mawili katika uamuzi ule yanafaa kusomwa na kila mtu anayeandika mikataba. La kwanza, jopo liliona kwamba baada ya barua ya kuvunja karatasi ya pili, upande wa Kampuni ulikuwa ukipewa maneno ya kuutuliza, kwa mdomo, kwamba mambo yatabaki vile vile. Ile karatasi iliyochanwa hadharani ilikuwa ikishonwa kwa simu. La pili, jopo lilisema halina shaka kwamba bila mchezaji huyo Klabu ya London ingepungukiwa angalau pointi 3.

Angalau 3. Rudi juu uangalie hesabu.

Machi 2009 pande mbili zilikubaliana fidia nje ya jopo, ilipwe kwa awamu. Magazeti yalitaja kiasi cha karibu pauni milioni 20.

Kilichofanya kazi, kilichoharibika

Kilichofanya kazi ni kidogo, nacho ni uamuzi wa Klabu Iliyoshuka kuhama kutoka kudai pointi hadi kudai pesa. Jopo lisingeweza kuwarudisha kwenye msimu uliokwisha kuchezwa. Liliweza kuhesabu hasara. Klabu zetu mara nyingi hufanya kinyume: hukata rufaa ya pointi mpaka msimu mwingine unaanza, na suala la fidia halifunguliwi kabisa.

Mfumo wa kanuni nao ulijirekebisha, polepole. FIFA iliongeza kifungu cha 18bis kuanzia Januari 2008, kinachokataza mkataba wowote unaompa mtu wa nje ushawishi juu ya uhuru wa klabu. Ligi Kuu ya England ikaenda mbali zaidi mwaka huo huo na kupiga marufuku umiliki wenyewe wa haki za kiuchumi kwa mtu wa nje. FIFA ilifika huko kwa kifungu cha 18ter, kilichoanza tarehe 1 Mei 2015. Adhabu zilikuwa za kweli: FC Twente ya Uholanzi ilizuiwa na chama cha nchi yake kucheza mashindano ya Ulaya kwa miaka mitatu baada ya mikataba yake na mfuko wa uwekezaji kufichuka, na RFC Seraing ya Ubelgiji ilifungiwa kusajili. Ukitazama Twente utaona kisa kile kile: sehemu ya mkataba ilifichwa kwa wakaguzi.

Kilichoharibika zaidi, kwa maoni yangu, ni nafasi ya mchezaji mwenyewe. Katika nyaraka zote hizi Mshambuliaji ni kitu kinachohamishwa. Kampuni ina haki, klabu ina haki, ligi ina mamlaka. Yeye ana miguu. Hakuna aliyemshtaki, na ni sawa, lakini pia hakuna kifungu kinachoonyesha kwamba alikuwa na sauti juu ya lini na wapi auzwe.

Hapo FIFA ilifanya jambo ambalo mawakala wetu wengi hawalijui, au wanajifanya hawalijui. Tangu marekebisho ya 2019, mchezaji mwenyewe hahesabiwi kuwa mtu wa nje. Anaweza kukubaliana na klabu yake kwamba akiuzwa atapata asilimia fulani ya dau. Klabu iliyomuuza pia inaweza kubakiza asilimia ya mauzo yajayo. Wakala hawezi. "Mdhamini" aliyemnunulia kijana viatu na kumlipia pango Sinza au Kayole hawezi. Mwenye kituo cha vipaji ambacho hakijaandikishwa kama klabu hawezi. Ile karatasi ya "asilimia 30 ya mauzo yako yote ya baadaye" ambayo wazazi husainishwa mezani kwa soda na biskuti inagongana na 18ter, na klabu itakayoitambua inajiweka hatarini kuliko hata huyo aliyeiandika.

Njia halali ya kufaidika na kijana uliyemlea ipo, nayo ni mgawo wa mshikamano. Mchezaji akihamia klabu ya nchi nyingine mkataba haujaisha, asilimia 5 ya dau hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: robo asilimia ya dau kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15, nusu asilimia kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Klabu ya Mwanza au Mombasa iliyokuwa na kijana kuanzia miaka 14 hadi 18, yaani misimu mitano, inastahili asilimia 2. Kwa dau la dola milioni 1 hizo ni dola 20,000. Sharti ni kwamba kijana awe ameandikishwa kihalali na tarehe zionekane. Nimeona klabu zikishindwa kudai kwa sababu leseni za vijana wao ziliandikwa kwa penseli kwenye daftari la kocha.

Walikofika baadaye

Klabu ya London ilipona msimu ule wa 2007 na ikashuka miaka minne baadaye kwa sababu nyingine kabisa. Ilirudi mwaka uliofuata.

Klabu Iliyoshuka ilipokea fidia yake, ikaendelea kuteremka hadi daraja la tatu mwaka 2011, na ilirejea Ligi Kuu mwaka 2019. Mshambuliaji wakati huo alikuwa na miaka 35, amezunguka Italia na China, na amerudi kwenye klabu yake ya utotoni kule Buenos Aires.